Mkanda wa Gari la Mjomba

Mama alikubali kupasuliwa jicho kwa sharti moja: apelekwe Dar kwa gari la marehemu kaka yake. Alilisema hilo mezani kwangu Kihonda, akiwa ameshika kikombe cha chai kwa mikono miwili. "Kwenye mabasi yenu yale sipandi," akasema. "Nikipakiwa kwenye gari la kaka yangu, nitakwenda. Kama haiwezekani, nirudisheni Matombo kwenye migomba yangu."

Presha ya macho ilikuwa imelimaliza jicho lake la kushoto bila kumuuma hata siku moja. Ndiyo ubaya wa ugonjwa ule. Miaka nenda rudi tulimbembeleza ateremke kutoka mlimani aende hospitali, naye akajibu kwamba jicho halimsumbui, mpaka asubuhi moja akamimina chai pembeni ya kikombe na kujiunguza paja. Sasa daktari wa hapa Morogoro alikuwa amesema la kulia nalo limeanza, matone hayatoshi, na siku ya upasuaji Dar ilikuwa imeshapangwa, wiki mbili mbele. Asipopasuliwa, alisema daktari, haitachukua muda mrefu kabla hajaanza kushikwa mkono kwenda chooni. Maneno yenyewe ndiyo hayo, sijayatia chumvi.

Nikamwambia mama sawa. Mimi ni mwalimu wa hesabu, nina miaka hamsini na mbili, na mtu akinipa sharti namtimizia halafu tuone atakimbilia wapi.

Gari lenyewe ni la spoti, jekundu, milango miwili, limelala chini kiasi kwamba ukikaa ndani unatazamana na magurudumu ya malori. Mjomba alilinunua alipostaafu kwenye mashamba ya miwa. Wenzake walijenga vyumba vya kupangisha, yeye akaagiza gari kutoka Japani. Matombo walimcheka mpaka wakachoka, maana kwa barabara ile lisingevuka hata jiwe la kwanza, kwa hiyo liliishi mjini chini ya turubai. Jumapili analiosha, anakwenda nalo misa, analirudisha, analifunika. Alipofariki, siku ya kumaliza msiba, wazee walinikabidhi funguo. Kwetu Waluguru ukoo unafuata upande wa mama, na mjomba hurithiwa na watoto wa dada yake. Watoto wake mwenyewe hawakununa hata kidogo. Nadhani walishukuru.

Tangu hapo nilikuwa nikilitumia kwenda shule na sokoni tu. Dar ni safari nyingine, kwa hiyo kesho yake nikalipeleka kwa fundi aliyelihudumia tangu enzi za mjomba, mtu mzima wa makamo yangu, mwenye mikono mizuri na kichwa kigumu. Akaangalia breki, akaangalia matairi, akamwaga oili na kuweka nyingine. Akasema gari liko safi.

"Na mkanda wa taimingi?" nikauliza.

Nilikuwa na sababu ya kuuliza. Mwalimu mwenzangu alizimikiwa na gari karibu na Mikese, katikati ya barabara, bila onyo lolote. Mkanda ule ni wa mpira, una meno, umefichwa ndani ya kifuniko mbele ya injini, na kazi yake ni kuhakikisha sehemu za juu na za chini za injini zinazunguka kwa pamoja. Ukikatika gari likiwa kwenye mwendo, zinagongana humo ndani na injini inakuwa chuma chakavu. Mwenzangu aliponea chupuchupu kugongwa na semi iliyokuwa nyuma yake.

Fundi akacheka. Akafungua boneti akanionyesha kibandiko kidogo kilichogandishwa humo, chenye maandishi ya Kijapani na tarakimu. Huko kwao, akanieleza, fundi akibadilisha mkanda anabandika karatasi yenye tarehe na kilomita. "Ona hapa. Kumi na tano. Maana yake elfu mbili na kumi na tano, muda mfupi tu kabla mzee hajalinunua. Na kilomita tangu hapo hata elfu ishirini hazijafika. Mkanda huu unakwenda laki moja, mwalimu. Gari halijatembea hili."

Nikaridhika. Niliwasha gari nikarudi nyumbani nikamwambia mama mambo yamekaa vizuri. Akasema, "Haya," akaendelea kuchambua mchele karibu na dirisha, ambako alikuwa bado anaona.

Kilichonikera ni rangi ya kile kibandiko. Kilikuwa kimebadilika kikawa kama chai ya rangi, pembe zimejikunja, wino umefifia. Nina vibandiko vya madawati ya shule vya miaka mingi kuliko kumi na bado vinasomeka. Nikajiambia acha ushamba, ni joto la injini. Siku ya pili nikajiambia hivyo tena. Siku ya tatu nikakipiga picha kwa simu, nikaenda kwa daladala mpaka Mazimbu, kwenye kampasi ya chuo kikuu, kwa rafiki yangu anayefundisha kilimo. Aliwahi kukaa Japani miaka mitano akisomea udongo.

Aliiangalia picha, akaikuza kwa vidole viwili. "Dada, nani kakwambia hii ni elfu mbili na kumi na tano?"

"Fundi."

"Hii ni kumi na tano ya mfalme." Akanieleza kwamba Wajapani wana kalenda yao ya pili, mfalme akikalia kiti wanaanza kuhesabu upya kutoka mwaka wa kwanza. Akachukua kalamu akaniandikia hesabu kwenye kisanduku cha chaki. Kumi na tano ya mfalme wa wakati huo inaangukia elfu mbili na tatu.

Nikakaa kwenye dawati la mwanafunzi. Mkanda ulikuwa na zaidi ya miaka ishirini. Mjomba alikwenda nao misa, mimi nimekwenda nao shule, na kabla ya wiki mbili kuisha nilikuwa nampakia mama yangu mzazi niende naye kwenye barabara ya malori.

"Lakini halijatembea," nikasema, nikisikia sauti ya fundi mdomoni mwangu.

"Mpira unazeeka hata ukiuweka kabatini," akasema. "Wenyewe wanaangalia kilomita na miaka. Kinachotangulia kufika ndicho kinachohesabika."

Nilirudi gerejini kwa miguu, maana sikutaka kuwasha tena injini ile, nikamwambia fundi tunabadilisha mkanda. Akaifuta mikono yake taratibu sana. Nilimweleza habari ya mfalme. Akasikiliza kwa adabu kama mtu anayesikiliza ndoto ya mwenzake. Halafu akasema jambo ambalo kila fundi na kila dalali wa magari nchini humu angelisema. "Mwalimu, injini hii haijafunguliwa. Tangu itoke kiwandani haijaguswa na mkono wa fundi wa hapa. Unajua thamani ya injini ambayo haijafunguliwa? Nikiifungua, umeiharibia sifa."

"Nani kakwambia nauza?"

"Sijasema unauza. Nasema kitu hakisumbui, kwa nini tukichokoze?"

Hapo nikawa mbogo. Nilimwambia nina mama nyumbani ambaye jicho lake moja limekufa kwa sababu halikuwa likimsumbua. Nimechoka na vitu visivyosumbua. Nimesikia neno hilo mlimani na nimelisikia mezani kwangu, na sasa nafuatwa nalo mpaka gereji. "Atakayelifungua gari hili ni wewe," nikasema, "au nitamtafuta mwingine, na mjomba huko aliko atajua umemkataa mpwa wake." Hilo la mjomba halikuwa la haki, wawili hao walipendana. Lakini nilikuwa na siku kumi na moja.

Mwisho akasema, "Lete mkanda, mwalimu. Ukileta nitafunga."

Kumbe kazi ndiyo ilikuwa inaanza. Maduka ya spea ya hapa mjini yana kila kitu cha magari ya kawaida, lakini gari la mjomba si la kawaida. Katika duka la nne mwenye duka, mzee mwenye miwani ya kuning'inia, aliniwekea mkanda kwenye kaunta. Ulikuwa na mng'ao wa oili. "Orijino ya Japani, mama. Umetolewa kwenye injini ya gari lililokuja limekatwa vipande. Hizi mpya za siku hizi feki tupu."

"Huu umetumika?"

"Umetumika Japani," akasema, kama vile hiyo ni tofauti kubwa.

Najua fikra hiyo, nami ninayo. Friji yangu ni ya mtumba wa Japani, hata saa yangu ya ukutani, na vyote vinashinda vipya. Lakini kutoa mkanda mzee ukaweka mkanda uliozeekea kwa mtu mwingine? Nilimuuliza kama na nguo za ndani anazinunua kwa mtindo huo. Wateja wawili wakacheka. Yeye akaurudisha mkanda wake kwenye msumari.

Nikampigia mwanafunzi wangu wa zamani, sasa ana duka lake la spea Dar na mvi kidevuni. "Shikamoo mwalimu," akasema, na nikajua ameshanyooka kwenye kiti. Nikamsomea namba ya mkanda kutoka kwenye kitabu cha gari, nikamwambia na pampu ya maji na beringi ya kukazia mkanda, vyote vipya, kwa sababu vimekaa nyuma ya kifuniko hicho hicho na sitaki kifunguliwe mara mbili. Mkanda wa kwanza alioutuma kwa basi ulikuwa na tarakimu moja tofauti. Fundi akaupima kwa macho akasema unaweza kuingia. Nikamwambia hata mimi naweza kuingia kwenye gauni la binti yangu, swali ni nini kitapasuka. Nikaurudisha Dar. Zilibaki siku sita.

Kila jioni nikirudi, mama alikuwa ananiuliza kabla sijavua viatu. "Mkanda umepatikana?" Namjibu bado. Anasema, "Pole, mwanangu," na sauti yake inakuwa laini. Nilijisikia vibaya. Niliona mama wa watu amekubali kisu, anahesabu siku, na mimi nahangaika na mpira. Usiku nililala kwa shida, asubuhi nikaamka na hasira nikampigia tena yule wa Dar kabla ya kengele ya kwanza. Sikuwahi kumfuatilia hivyo hata kwa kazi ya nyumbani.

Mkanda wa pili ulifika Ijumaa mchana pale stendi ya Msamvu, namba imekubali kutoka mwanzo mpaka mwisho. Nilisaini kupokea mzigo ule kwa herufi kubwa.

Jumamosi saa mbili asubuhi nilikuwa gerejini nimekaa juu ya kreti ya soda. Fundi akaniambia niende nyumbani nikapumzike, atanipigia. Nikamwambia nimeshapumzika. Gari lilikuwa limevutwa kwa kamba kutoka kwangu, na majirani walisimama kutazama gari la spoti likiburutwa kama mbuzi asiyetaka kwenda mnadani. Sikuona aibu yoyote.

Alitoa mikanda ya nje, akatoa puli kubwa, akafungua kifuniko cha kwanza na cha pili. Kabla ya kuugusa mkanda wenyewe akahitaji rangi ya kuwekea alama ili kila gia irudi mahali pake. Hakuwa nayo. Nikampa wino wangu mweupe wa kufutia makosa, akauchukua bila kutania, akaweka nukta tatu safi. Hapo nilianza kumwamini upya. Halafu akalegeza, akauvuta mkanda, ukatoka.

Ukiutazama kwa nje ulikuwa mweusi, umenyooka, hauna neno. Aliushika mikononi akaukunja kinyume, upande wa meno ukatokeza. Ulikuwa umejaa nyufa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Akapitisha kidole gumba, na meno matatu yakapukuchuka yakabaki kwenye kiganja chake kama punje za mahindi makavu. Akanyoosha mkono nami nikayapokea.

"Nilipanda na mzee gari hili," akasema. "Tulikwenda nalo mpaka Mikumi. Alilikimbiza."

"Ulikuwa unasoma kilichoandikwa," nikamwambia. Sikuwa na hasira tena. Hata mimi nilisoma kumi na tano hiyo hiyo, na mimi ndiye mwalimu wa hesabu.

Kuanzia hapo akafanya kazi kama mtu anayevalisha maiti wa kwao, taratibu na bila mzaha. Pampu ya maji ya zamani alipoizungusha ilikwaruza, akaitupa kwenye ndoo bila kuniuliza. Mkanda mpya ulipokaa, sikusikia akisema washa. Alichukua spana ndefu akaizungusha injini kwa mkono, mizunguko miwili kamili, masikio yakiwa karibu na chuma, kisha akahakikisha nukta zimekutana. Akarudia. Akarudia mara ya tatu, jasho linamdondoka kwenye pua. Saa kumi jioni akaniambia nikae kwenye usukani. Injini ikaitikia mara ya kwanza.

Kibandiko niliandika mwenyewe, kwa Kiswahili, mwaka kwa tarakimu zote nne. Chini nikaongeza: ubadilishwe baada ya miaka mitano, hata kama gari halijatembea. Fundi akasoma, akaguna, akakibandika juu ya kile cha mfalme.

Nilimkuta mama kibarazani. Nilimwambia tayari, Jumatatu asubuhi tunaondoka, nikaeleza yote, nyufa na meno na spana. Nilitegemea afurahi. Akasema, "Umehangaika sana," akaingia ndani kupanga kanga zake. Nikadhani ni uchovu.

Jumatatu saa kumi na mbili tulikuwa barabarani, milima ya Uluguru ikiwa na ukungu nyuma yetu. Mama alikaa kushoto, mkanda wa kiti umemkaa kifuani, rozari mkononi. Tulipita Mikese, nikapumua. Tulipita Chalinze. Injini ilikuwa inaimba, na nakiri niliikanyaga kidogo kwenye ile sehemu iliyonyooka, kwa heshima ya mjomba. Midomo ya mama ilikuwa inakwenda, punje zinakwenda, na nilifarijika kuona anatuombea. Mlandizi kwenye foleni nikamuuliza kama anataka maji, akatikisa kichwa, akaendelea kusali.

Tuliingia lango la hospitali saa nne na nusu. Nikaegesha, nikazima, nikamwambia mama tumefika.

Hakujifungua mkanda. Alikuwa anatazama mbele, kwenye ukuta mweupe, kwa jicho lile moja.

"Nilijua halitafika," akasema.

"Limefika, mama."

"Hunisikii. Nilitaja gari hili kwa sababu nilijua halitafika. Watu wote walisema ni gari la kukaa. Nikasema nikitaja hili, litanikatalia lenyewe, hakuna atakayesema nimekataa mimi." Akaiviringa rozari kwenye vidole. "Ulivyosema mkanda haupatikani nilishukuru. Leo kutoka Morogoro mpaka hapa nimesali ukatike. Si tupate ajali. Uishe tu taratibu, turudi nyumbani."

Wiki mbili nzima nilikuwa nimegombana na mafundi na wauza spea na mwanafunzi wangu wa zamani, na mtu niliyekuwa napambana naye kweli alikuwa anakunywa chai mezani kwangu na kunipa pole. Hasira ilinipanda. Kisha nikamtazama vizuri nikaona jinsi alivyoikaza rozari vidoleni, na hasira ikaisha yote, nikabaki na mama yangu tu, mwanamke wa miaka sabini na sita anayeogopa kisu jichoni.

"Unaogopa," nikasema.

"Naogopa sana," akasema mama. Sijawahi kumsikia akilitamka neno hilo, si kwenye uzazi wala kwenye misiba. "Wakikosea, mwanangu, sina lingine."

Ningeweza kumwambia hawatakosea, lakini sikuwa na uhakika huo, na mama si mtoto. Nikamwambia ukweli. Nikamwambia nikikurudisha Matombo leo jicho hilo litakwenda lenyewe kama lile la kwanza, polepole, bila kukuuma, na siku moja utaamka ukanisikia nakusalimia na usinione. Humu ndani kuna nafasi. Kule hakuna. Na sitakuongopea kwamba gari limegoma, kwa sababu halikugoma.

Nikashuka, nikazunguka, nikafungua mlango wake. Kiti kile kiko chini mno kwa magoti yake, mwenyewe asingeweza kunyanyuka. Nikainama nikamnyooshea mikono yote miwili, nikasubiri. Watu walitupita, mlinzi akatuambia tusiegeshe pale, nikamwambia atusubiri kidogo, na sikuirudisha mikono.

Mama aliitazama muda mrefu. Halafu akaivaa rozari shingoni, akafungua mkanda wa kiti kwa kupapasa, akanishika.

"Nivute," akasema. "Lakini ukiniachia nitaanguka."